Mshenga Aliyemaliza Kahawa

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Naapa kwa ndevu zangu, ambazo nilizinyoa juzi lakini kiapo kimebaki kwenye mizizi. Wapo watu pale Igoma, siwataji, wanaosema mimi nikitangaza mvua wao hutoa nguo nje kuanika. Hao leo nawanyamazisha. Atakayekuta humu uongo hata wa kujaza kijiko cha chai, aje na mashahidi: namlipa kreti nzima ya soda, baridi, na kreti naibeba mwenyewe.

Basi, yupo fundi mmoja wa kutengeneza vyerehani, jina lake Mihayo. Karakana yake ipo Igoma, kando ya barabara ya Musoma, banda la bati la bluu lililobanwa kati ya duka la mbao na mgahawa wa Modesta. Kijana wa miaka ishirini na tisa, mrefu, vidole vinang'aa mafuta ya mashine. Kwa Kisukuma jina lake ni maneno, na nadhani wazazi walipompa jina hilo walimaliza akiba yote, maana yeye mwenyewe hakubakiziwa hata la kuombea chumvi.

Si kwamba hana ulimi. Anao, tena mwepesi, akiwa peke yake na cherehani. Husikia sindano inagonga akaiambia, "Wewe umepinda, usinidanganye," na sindano hukubali. Shida huanza mtu akitokea mlangoni. Hapo kila neno linalotaka kutoka hupigwa pasi kwanza, likageuzwa ndani nje, likakaguliwa mishono, likarudishwa kabatini. Na lile linaloponyoka bila ruhusa, Mihayo hulitafuta siku tatu kama mtu aliyeangusha funguo.

Siku moja Modesta alimwuliza, "Fundi, chai ya maziwa au ya rangi?" Mihayo akawaza. Nikisema ya maziwa, ataona najidai. Nikisema ya rangi, ataona nayatilia shaka maziwa yake. Nikisema yoyote, ataona sina msimamo. Alipopata jibu, Modesta alikuwa ameshafunga mgahawa, ameolewa na amejifungua mapacha.

Siku nyingine mama mmoja wa Buzuruga alikuja kuchukua cherehani yake iliyokwisha kupona. Mihayo, kwa adabu zake, akamwambia, "Karibu tena." Yule mama hajafika hata barabarani, fundi akashika kichwa. Karibu tena? Fundi wa vitu vibovu anamwambiaje mtu karibu tena? Si ndiyo kumwombea mwenzio cherehani ife upya? Mchana kutwa hakushika bisibisi. Kesho yake akafunga karakana, akaenda Buzuruga, akauliza mlango hadi mlango, akamkuta mama anachambua mchele.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuhusu lile neno la jana."

"Marahaba. Neno gani?"

"Nilikwambia karibu tena."

Mama akamtazama, akatazama mchele, akamtazama tena. "Umefunga kazi, umetoka Igoma, umekuja kunikaribisha mara ya pili?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuliondoa."

Akarudi Igoma amepewa kilo nzima ya mchele na yule mama aliyeamini kwamba kijana ana njaa na anaona haya kusema. Njiani akaanza upya: kwa nini alisema kuliondoa, si bora angesema kulirekebisha?

Mambo haya yote aliyaandika. Alikuwa na daftari la shule la kurasa themanini, amelipiga mistari kwa rula, safu tatu: Nilisema. Nilipaswa kusema. Alivyonitazama. Kila jioni kabla ya kufunga aliyapanga maneno yake ya siku nzima humo kama samaki kwenye chanja. Siku alizoongea na watu wengi alitumia kurasa tatu. Kwa hiyo akajifunza kuongea na watu wachache, na daftari likashukuru.

Sasa, vipuri vya vyerehani Mihayo hununua mjini kwa Mama Zahabia, mama wa Kihindi wa miaka sabini na ushee, ambaye ukoo wake umeuza sindano na nyuzi Mwanza tangu babu wa babu yake. Huvaa miwani yenye mnyororo, na maneno hayapimi hata kidogo. Yanatoka kama yalivyo, mengine yana magamba. Siku moja Mihayo alinunua mkanda, akasahau daftari juu ya kaunta. Alikumbuka akiwa ameshafika Igoma. Alirudi mjini mbio, na alipofika mlangoni miwani ilikuwa puani na daftari lilikuwa wazi.

"Shikamoo, Mama Zahabia. Hilo ni la hesabu."

"Marahaba, fundi. Hesabu gani hii?" Akasoma kwa sauti. "Jumanne. Nilisema: Mama Zahabia, leo umependeza. Nilipaswa kusema: Mama Zahabia, umependeza. Kwa nini niliweka leo? Ataona siku nyingine hapendezi. Alivyonitazama: kwa huzuni." Akaishusha miwani. "Kwa huzuni! Jumanne nilikuwa naumwa jino."

Mihayo akatamani sakafu ya duka ifunguke. Ilikuwa sakafu ya zamani, imara, haikufunguka.

"Nimo humu mara kumi na moja," Mama Zahabia akaendelea. "Nimejihesabu. Mimi kila mara nina huzuni, nina hasira, nimedharauliwa. Maskini mimi! Na unajua, mwanangu? Sikumbuki hata moja."

"Hata ile ya siku ya mfungo, nilipokuuliza kama umeshakula..."

"Hata hiyo unayotaka kunikumbusha sasa. Usinikumbushe, kichwa changu kina bei za sindano." Akalifunga daftari, akaliwekea mkono juu. "Cherehani ukimaliza kuitengeneza unaijaribu wapi? Kwenye shela la bibi harusi?"

"Hapana. Kwenye kitambaa kibovu."

"Na maneno yako unayajaribu wapi?"

Mihayo akagusa kichwa.

"Huko hakuna kitambaa. Unashona hewa, halafu unalalamika mshono umepinda. Kuanzia kesho nataka ukosee makusudi mara tatu kwa siku. Makosa madogo, ya kitambaa kibovu. Jumamosi uniletee majina ya waliokufa kwa kukusikia."

Mihayo hakujua jinsi ya kukataa bila kuonekana amekataa, kwa hiyo akafanya. Siku ya kwanza alimwomba Modesta chapati ya jana ya moto. Modesta akasema ya jana ipo na ya moto ipo, ila zikiwa kitu kimoja hana, akacheka hadi akamwongezea maharage. Siku ya pili akampa shikamoo mtoto wa darasa la pili aliyekuwa anakwenda shule. Mtoto akasimama, akaitikia "Marahaba, umeamkaje?" kwa uzito wote, akaenda zake kama mkuu wa wilaya. Jumamosi Mama Zahabia akadai majina. Hayakuwepo. Safu ya tatu ya daftari ilianza kuwa na neno jipya: alicheka.

Hapo ndipo Masalu alipoleta habari ya posa.

Masalu ni yule wa duka la mbao jirani, rafiki wa Mihayo tangu darasa la kwanza. Alikuwa anampenda Kokulinda, muuguzi, na Kokulinda anampenda yeye. Lakini Kokulinda ni binti wa Mwalimu Rugambwa wa Buzuruga, Mhaya wa Kagera aliyefundisha lugha sekondari miaka thelathini na saba. Mwalimu Rugambwa ukimpelekea kadi ya mchango wa harusi anakurudishia na mchango ndani, na kadi imesahihishwa kwa wino mwekundu. Tena nyumbani kwake mgeni wa posa hutozwa faini kila anapokosea: kukaa kabla ya kuambiwa, kusimama kabla ya kuambiwa, kuteleza ulimi. Faini ni vinywaji na vitafunwa, lakini washenga walitoka pale wamelowa jasho kama waliovuka ziwa wakiogelea.

"Amesema Jumamosi hii, saa nne asubuhi," Masalu alisema. "Jumamosi ijayo ana wageni kutoka Muleba. Wana kijana mhandisi. Tusipoeleweka sisi, watasikilizwa wao. Na Koku hatavuka neno la baba yake, ameniambia."

Kwa kawaida mshenga huwa mtu asiye wa ukoo wa muoaji. Masalu alishampata: mzee Ndalahwa, mstaafu wa kivuko cha Kigongo, aliyekata tiketi pale kabla ya daraja. Huyu Ndalahwa ni mtanashati, ana kifua, ana sauti, na kwa kusimulia hana mfano kanda yote ya ziwa. Alianza kisa siku moja Kigongo, abiria wakafika ng'ambo, Busisi, wakakataa kushuka. Wakarudi naye, wakaenda naye tena, hadi kisa kikaisha Alhamisi. Kazi ya Mihayo ilikuwa kuiandika tu hotuba ya mzee, kwa kuwa ni mwangalifu wa maneno, na kubeba bahasha. Aliiandika mara kumi na nne.

Jumamosi saa nne kasoro robo walikuwa langoni Buzuruga: Masalu, baba zake wadogo wawili, mzee Ndalahwa na Mihayo. Ndipo mzee akashika koo. Asubuhi alikula sangara, na mwiba wa sangara, mrefu kama kalamu, ukakaa kooni umelala upande. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Machozi yalimtoka. Akaonyesha koo, akaonyesha mbinguni, kisha, kwa kidole ambacho hakikutetemeka, akamwonyesha Mihayo.

Baba wadogo wasingeweza kusema, ni damu ya Masalu. Asiye wa ukoo alibaki mmoja.

"Mihayo," Masalu alisema.

"Usiniambie."

"Ndugu yangu."

"Masalu, mimi jana nimemfukuza mbuzi kwenye karakana nikamfuata kumwomba radhi."

"Ndiyo maana nakuamini. Tukirudi sasa, nimemkosa."

Mihayo akamtazama rafiki yake. Masalu alikuwa amevaa suti ya kuazima, mikono mifupi, na alikuwa hacheki. Lango likafunguliwa, mzee Ndalahwa akabaki nje na koo lake.

Sebule ilikuwa imejaa. Mwalimu Rugambwa alikaa katikati, mwembamba, amenyooka kama rula. Pembeni yake dada yake, shangazi Josepha, mama mnene mwenye glasi tupu mkono mmoja na kijiko mkono wa pili.

"Wageni karibuni," shangazi alisema. "Hapa kwetu kuna glasi na kijiko. Mkisikia mlio, mmekosea. Mkikosea mnalipa. Msiulize mmekosea nini, kuuliza nako ni kosa."

"Kuuliza nako?" akauliza baba mdogo mkubwa.

Nglii!

"Kreti moja," shangazi akasema, akaandika.

Kisha kikaletwa kikapu kidogo cha ukili, kimejaa kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani zikakaushwa na maganda yake. Kikawekwa mbele ya mshenga. Mihayo alitupa moja mdomoni. Chungu, ina harufu ya shamba. Akagundua jambo: mtu anayetafuna haulizwi kitu. Akatupa ya pili. Sebule ilinyamaza, ikimwangalia, naye akaona wanamsubiri amalize ndipo wamwambie aseme. Basi dawa ni kutomaliza. Akatupa ya tatu, ya nne, akachota kwa vidole viwili, akachota kwa vitatu. Baba mdogo mdogo akamkanyaga mguu. Mihayo akausogeza mguu, akaendelea.

Kucha yake ilipokwaruza kitako cha kikapu, kijiko kiligonga glasi mara mbili.

"Mshenga," Mwalimu Rugambwa alisema taratibu, "kikapu hicho kilikuwa cha kuzunguka. Kila mtu moja au mbili, wageni na wenyeji, na mama yangu kule chumbani. Ilikuwa kahawa ya watu kumi na saba."

Mihayo alikuwa na kahawa ya watu kumi na saba tumboni na nyingine mashavuni. Moyo ukaanza kwenda kama cherehani ya umeme iliyokwama kwenye kasi. Wanaosema waliusikia hadi stendi ya Buzuruga sibishani nao.

"Meza," Mwalimu akasema. "Simama. Sema mmefuata nini."

Akasimama. Akafungua karatasi, ile ya kumi na nne. Mstari wa kwanza ulisema: Katika matembezi yetu tumepita bustanini kwako, tukaona ua. Macho yake yakagota kwenye lile neno la mwisho, yakakataa kusonga. Aliona ukurasa wa kesho wa daftari, safu zote tatu zimejaa, zimeendelea ukurasa wa nyuma. Aliona wageni wa Muleba wanashuka kwenye gari. Alijiambia: hiki si kitambaa kibovu, hili ni shela lenyewe.

Ndipo kutoka chumbani akasikia kicheko. Kicheko cha bibi kizee, chembamba, cha kukohoa. "Waitu! Zote?" bibi alistaajabu kwa Kihaya. "Amezila zote?" Na mtu akamjibu kwamba ndiyo, zote, na bibi akaanza tena.

Mihayo akaitazama karatasi. Shela lilishachafuka. Kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaogopa alikuwa ameshalifanya kabla hajafungua mdomo, tena kwa kukataa kuufungua, na bibi alikuwa anacheka, na hakuna aliyekufa.

"Mwalimu," akasema, "hapa nimeandika ua."

Wakasubiri.

"Nimeliandika mara kumi na nne. Lakini ua huchumwa. Likichumwa, siku ya tatu linatupwa. Nikikuambia tumeona ua, nitakuwa nakuambia tunakuja kumtupa mwanao siku ya tatu."

Nglii!

"Nikaandika jiko. Watu husema wamekuja kutafuta jiko. Lakini jiko linashinda na masizi, halafu Kokulinda anafanya kazi zamu, anayepika atakuwa Masalu. Mimi nakula kwake. Maharage yake ni mazuri sana."

Nglii!

"Hiyo ya nini, shangazi?"

"Umetoa siri ya bwana harusi. Na umeuliza." Nglii!

"Samahani."

Nglii!

"Hata samahani?"

"Hiyo niliupenda tu mlio," shangazi Josepha akasema, na watu wakaangua kicheko. Hata baba wadogo, waliokuwa wameganda kama samaki wa kiwandani, wakalegea mabega.

Mwalimu Rugambwa hakucheka. Alivua miwani. "Dada, weka kijiko chini kidogo. Mabinti watatu wameshaposwa sebuleni hapa, na mara zote tatu nililetewa ua. Nimefundisha lugha miaka thelathini na saba. Hakuna aliyewahi kujiuliza ua litakuwaje siku ya tatu. Endelea, kijana."

Mihayo akaikunja karatasi.

"Basi sisemi cha bustani wala cha jikoni. Masalu anampenda Kokulinda. Mama yake alipolazwa, Kokulinda alikuwa wodi ile, Masalu akawa anapeleka uji asubuhi. Mama aliruhusiwa Jumatano. Masalu akaendelea kupeleka uji mpaka mwisho wa mwezi. Wodi nzima ilinenepa." Akameza. "Ana kasoro. Anachelewa kila mahali. Leo amewahi kwa sababu nilimdanganya saa. Akiudhika ananuna, hasemi, halafu anakuja na chapati. Mbao zake zikiwa zimepinda anasema zimepinda. Ndiye mtu pekee ambaye nikishaongea naye siandiki." Hilo hakuwa amepanga kulisema. "Nimemaliza. Au sijamaliza. Sijui mtu hujuaje kwamba amemaliza."

Masalu alikuwa anatazama viatu vyake na anapepesa sana.

"Unatetemeka," Mwalimu akasema. "Unaogopa jibu langu?"

"Hapana, Mwalimu. Naogopa kesho. Kesho nitakaa na maneno haya moja moja."

"Kesho nikitoka kanisani nipigie simu. Usijiulize wewe, niulize mimi. Nitakutajia yote ninayoyakumbuka." Akageukia mlango wa ndani. "Kokulinda! Umemsikia mshenga?"

"Nimemsikia, baba."

"Una neno?"

Ikaja sauti ya Kokulinda, yenye kicheko kilichobanwa: "Ya maharage ni kweli."

"Umejuaje wewe maharage yake?" shangazi Josepha akafoka, akampigia kijiko mpwa wake mwenyewe. Vigelegele vikamfunika. Simu ya Muleba ilipigwa jioni ile ile, kwa heshima zote, kuwaambia wageni wasisumbuke kuja.

Faini zilikuwa nyingi. Masalu alikwenda dukani na kurudi mara tatu, na kila kilicholetwa kilinyweka na kulika pale pale, wageni na wenyeji magoti yamegusana. Shangazi Josepha alimsogelea Mihayo na soda mkononi.

"Mbona bado umekunja uso? Hujui kazi ya glasi? Mshenga wa binti wa pili alisema saa nzima kama redio. Hakuteleza hata herufi. Tukabaki na koo kavu mpaka akaondoka, na hadi leo hatumjui yule mtu ni nani. Wewe tumeshakujua. Kunywa."

Jumapili Mihayo alipiga simu, daftari wazi mapajani, kalamu tayari. Mwalimu Rugambwa akapokea kabla ya mlio wa pili.

"Nakumbuka kahawa," alisema.

"Na kingine?"

"Ua la siku ya tatu. Nimelifikiria wakati padri anahubiri. Na uji."

"Na pale niliposema sijui mtu hujuaje amemaliza? Niliona umekunja paji la uso."

"Ulisema hivyo? Hapo sikumbuki. Labda ni jua la dirishani."

Mihayo akaandika kwenye safu ya tatu: jua la dirishani. Tangu siku hiyo akajiwekea sheria: neno halingii daftarini mpaka amwulize mwenyewe aliyeambiwa. Kuuliza kulimtisha kuliko kuandika, na wengi waliulizwa wakakuna kichwa. Kurasa zikaanza kubaki nyeupe. Za mwisho sasa zina orodha ya mikanda na sindano. Sisemi amepona. Bado akiulizwa chai ya maziwa au ya rangi hukaa. Lakini sasa husema, "Modesta, nivumilie, bado napiga pasi," na Modesta huenda kuhudumia wengine, akirudi jibu lipo. Na wateja bado huwaambia karibu tena. Halafu huongeza, kwa haraka, "Kwa salamu tu."

Nilipofika hapa nikaweka nukta, nikampelekea Mihayo karatasi hizi karakanani azisome. Lilikuwa kosa. Yule kijana amesoma maneno maisha yake yote kwa macho ya mkaguzi. Akachukua penseli.

"Modesta ana mtoto mmoja," alisema, "na nilimsubirisha dakika nne. Simu ya Muleba ilipigwa Jumatatu. Hakuna abiria aliyewahi kukataa kushuka Busisi. Na hapa umeandika Ndalahwa ni mtanashati."

"Hilo ni la maoni."

"Haya. Sasa mwiba." Akaiweka penseli chini. "Nilikuona, mzee. Shangazi alipokuwa anaimba faini za kwanza nilichungulia dirishani. Ulikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, unaniambia 'sema, sema' kwa sauti safi kabisa. Mwenye mwiba kooni hasemi sema."

Nikatafuta la kujibu. Nina maneno mengi, watu wanajua. Siku hiyo yaliondoka yote kwa pamoja.

Ndiyo, mimi ndiye Ndalahwa. Na mwiba haukuwepo. Miaka yote ile Kigongo niliwasimulia watu waliokuwa wanashuka muda mfupi baadaye. Hakuna aliyebaki kunisikiliza kwa makini, basi ningeweza kusema lolote. Pale langoni nikakumbuka kwamba Mwalimu Rugambwa angenisikiliza, neno moja moja, na angejua ninachosema na nisichosema. Nikamwonyesha kijana kwa kidole, na kidole kilitetemeka. Hilo nalo nilidanganya.

"Kwa nini hukusema?" Mihayo aliniuliza.

"Ningesemaje?"

Akacheka, kicheko chake chembamba. "Mimi nilidhani ni mimi tu," akasema. Halafu akaokota penseli: "Kreti moja, baridi, na unaibeba mwenyewe. Tena siitaki hapa. Utailipa Buzuruga, na utasimama sebuleni uwasomee haya yote, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Ukurasa huu wa mwisho nimeuongeza nikiwa kwa Mwalimu Rugambwa, wakati wananipa nafasi ya kunywa maji. Kreti nimeibeba kutoka stendi, mgongo shahidi. Nimesimama, karatasi mkononi, Mwalimu amevua miwani. Kokulinda na Masalu wameketi pamoja, kikapu cha kahawa kimewekwa mbali na Mihayo. Shangazi Josepha ameshagonga mara tisa na bado sijatoka kwenye ndevu.

"Taratibu, mzee," Mihayo ananiambia kutoka kwenye kiti chake. "Kesho nipigie, nitakuambia ninachokumbuka."

Masalu amesimama kwenda kuongeza kreti ya pili. Nimemwambia akae. Hiyo nayo ni yangu.